Kutwika, Kutua na Kuwaka: Lugha ya Njia ya Unyanyembe na Kompyuta Isiyoanza

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara mbele ya watu wa istilahi, liko moja ambalo kwa sura yake laonekana dogo: kompyuta iliyoongezewa kifaa kipya, kisha ikakataa kuanza kazi, isemwe imefanya nini? Karani ataandika kwamba haiwaki. Mwalimu atasema imekufa. Fundi kijana wa mjini atasema haibuti, na dereva aliyesimama mlangoni atasema imegoma. Watu wanne wametumia maneno manne, na huenda kila mmoja anataja ubovu tofauti na wa mwenzake. Au huenda wote wanataja ubovu mmoja. Hakuna ajuaye mpaka kompyuta ifunguliwe.

Katika makala hii tumekusudia kulitazama jambo hilo kwa njia ya historia, na historia yenyewe tumeifuata hadi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwa kuwa tunaamini kwamba neno linalokosekana lilikuwa kazini katika njia ile ya misafara muda mrefu kabla ya umeme kufika.

Kwihara ni kijiji kilicho kilomita chache kusini-magharibi ya Tabora. Wageni hupelekwa huko kuona tembe iliyojengwa upya mahali pa ile ya zamani, ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mapema mwaka 1872. Wengi hutazama milango na kuta, wakapiga picha, wakarudi mjini. Kwa mtu wa lugha, hata hivyo, mahali hapo pana thamani nyingine. Katika karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda ya bara: misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo, na kutoka hapo mingine ikaelekea Ujiji, mingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga na kustarehe. Lakini walioifanya njia iwe njia walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, wenyeji wa nchi yenyewe, waliokwenda pwani na kurudi kama wengine wanavyokwenda shambani na kurudi.

Kazi hiyo ilikuwa na msamiati wake, na sehemu kubwa ya msamiati huo tunayo mpaka leo bila kujua tulikoitoa. Mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya kubebwa na mtu mmoja, aghalabu wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Leo mitumba ni nguo zilizovaliwa kwingine, na kutoka kwenye nguo neno limekwenda kwenye magari, majokofu na kompyuta. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au kitambaa cha kununulia chakula. Watumishi wa serikali hawahitaji kuelezwa maana yake ya sasa. Hongo ilikuwa ada iliyotozwa na mtemi kwa msafara uliopita katika nchi yake, nayo ilidaiwa mchana kweupe, mbele ya watu, kwa ngoma na mazungumzo ya siku nzima. Neno hilo limeshuka cheo tangu hapo.

Tunalolitaka zaidi ni lile jozi la vitenzi viwili: kutwika na kutua. Kutwika ni kumsaidia mtu kuupandisha mzigo kichwani. Kutua ni kuushusha. Ni kweli kwamba Wanyamwezi aghalabu walibeba mabegani, na kwamba kichwa kilikuwa zaidi desturi ya watu wa pwani. Lakini misafara ilichanganya watu, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Kutokana na kutua tumepata kituo, mahali mizigo inaposhushwa, na uzao wa neno hilo ni mkubwa ajabu: kituo cha reli, kituo cha afya, kituo cha kupigia kura, alama za vituo katika uandishi. Kutwika hakukubahatika hivyo. Kumebaki kisimani na shambani, na katika usemi wa fumbo, kama vile mtu anapotwikwa madaraka asiyoyaweza.

Yapasa tueleze kwa nini jozi hilo linatuhusu. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 32 chini hawezi kuuinua kwa wepesi peke yake, humhitaji mwenziwe. Mwenziwe akishamtwika, naye nani atamtwika? Mtu wa mwisho katika msafara hana budi ajitwike: hupiga goti, huegemeza mzigo kwenye paja, huusukuma juu kidogo kidogo mpaka ukae. Kiswahili kinalo neno lake, nalo ni kujitwika.

Waingereza nao wana msemo wa mtu ajiinuaye kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Mapema katika miaka ya 1950, mashine za kwanza za kukokotoa zilipoanza kuuzwa, wahandisi wa Marekani waliuchukua msemo huo kueleza tatizo lililowasumbua. Kompyuta haifanyi kazi yoyote bila programu. Na kuisoma programu ni kazi, ambayo nayo yahitaji programu. Nani atamtwika wa mwisho? Dawa waliyoipata ni kuipa mashine maagizo machache sana, yanayotosha tu kusoma maagizo mengine machache, ambayo nayo yasome mengi zaidi, mpaka mfumo mzima uwe umepanda. Hilo ndilo jambo ambalo vijana wetu huliita kubuti. Buti zenyewe hazimo humo, wala vitanzi vyake havijulikani kwa mtu aliyezoea makubazi. Neno limekuja likiwa tupu.

Hapa twaomba wasomaji wavumilie tuingie kidogo katika historia ya kompyuta nchini mwetu, maana ndiyo inayoeleza upungufu wa lugha tulio nao.

Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500, ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliuzwa na kampuni ya Kiingereza, ingawa kwa asili ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyopewa jina jingine. Mfululizo mkubwa wa kampuni hiyo hiyo, wa 1900, haukusikilizana na ule wa 1500: programu iliyoandikwa kwa mmoja haikufaa kwa mwingine. Jitihada za kuhamishia hesabu za Hazina katika kompyuta zilikwama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Amri hiyo ililegezwa polepole baadaye, na kompyuta ndogo za mezani zikaingia kwa wingi miaka ya 1990.

Amri ile imeandikwa sana na wachumi. Sisi twaona athari yake moja ambayo haikuandikwa. Miaka ile ndiyo iliyokuwa miaka ya bidii kubwa katika kuunda istilahi: Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeanzishwa mwaka 1967, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, na orodha za maneno ya sheria, ya uhasibu, ya sayansi za shule na ya ofisi zilikuwa zikipita kamati baada ya kamati. Kompyuta haikuwamo mezani, kwa sababu haikuwamo nchini ila chache. Ilipokuja, ilikuja kwa kishindo, na walioipokea hawakuwa watu wa kamati bali mafundi wa redio na wa magari, ambao waliipa maneno waliyokuwa nayo mkononi. Hatuwalaumu hata kidogo. Bila wao tusingekuwa na neno lolote.

Neno walilokuwa nalo mkononi lilikuwa kuwaka. Moto huwaka, taa ikaja, nayo ikawaka, gari likaja, likawaka. Katika gari neno hilo lafaa kabisa, maana injini ikishawaka kazi imekwisha anza, na kilichobaki ni dereva kuondoka. Lakini kompyuta yaweza kuwaka, taa ikaonekana, feni ikazunguka, na bado isianze. Hapo ndipo neno la gari linapotuangusha, kwa sababu latulazimisha kusema ama imewaka ama haikuwaka, ilhali ukweli uko katikati.

Mwaka 1872 jambo la namna hiyo lilionekana Kwihara kwa macho ya watu. Stanley aliondoka kurudi pwani tarehe 14 Machi, akimwacha Livingstone katika tembe na shehena yake. Nyumba ilikuwapo, nguo na shanga zilikuwapo, chakula kilipatikana. Safari haikuwapo. Mzee yule alikaa miezi mitano akingojea wapagazi ambao Stanley alikuwa ameahidi kumpelekea kutoka pwani, na ni mwezi Agosti watu 57 walipowasili ndipo msafara ulipojipanga na kuondoka, tarehe 25. Mtu aliyepita Kwihara mwezi Juni angeona moshi unatoka jikoni na watu wanatembea uani, akasema msafara u hai. Angekuwa amesema kweli. Aliyeuliza kwa nini hauondoki naye angekuwa na haki ya kuuliza.

Liko pia jambo dogo la tembe hiyo ambalo fundi yeyote atalipenda. Shehena ya Livingstone iliyokuwa imewekwa Unyanyembe ilipofunguliwa, bunduki zilikutwa mchwa wamekula vitako vyake. Mitutu ilikuwamo ndani ya sanduku. Kwenye orodha ya vitu bunduki zilihesabika kuwapo. Kuwapo kwa kifaa si sawa na kufaa kwake, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha karibu kila ubovu unaotokea baada ya kompyuta kuongezewa kitu.

Sasa tuifuate mashine yenyewe hatua kwa hatua, tukitafuta maneno.

Ya kwanza ni kuwaka kwa maana yake halisi: umeme umeingia au haukuingia. Kompyuta iliyotiwa kadi mpya ya picha yenye kula umeme mwingi yaweza kukataa kabisa, au kuwaka kwa nukta moja na kuzimika, kwa sababu kigawa umeme chake hakitoshi. Au fundi alipoufungua ubao mama aligusa vile vijiwaya vyembamba vya kitufe cha mbele, navyo vikachomoka. Hapo mtu akisema haiwaki, amesema sawasawa, na neno hilo libaki mahali pake.

Hatua ya pili ndiyo iliyosahauliwa katika lugha yetu. Kompyuta ikishapata umeme, kabla ya yote hujihesabu: ina prosesa gani, kumbukumbu kiasi gani, kadi ya picha iko wapi, kibodi ipo au haipo. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, iliifanya itoe mlio mmoja mfupi kuonyesha kwamba hesabu imetimia. Milio ya namna nyingine ilikuwa dalili ya kasoro. Mashine nyingi za leo hazina hata kipaza sauti cha mlio huo, badala yake huwa na vijitaa juu ya ubao mama, lakini hesabu yenyewe haikuachwa. Kila asubuhi katika kituo cha msafara mizigo ilihesabiwa kabla ya kiongozi kuinua bendera, na mzigo ukikosekana hapana aliyeondoka. Sisi twapendekeza hatua hii iitwe kujikagua, na ubovu wake uandikwe hivi: inawaka lakini haimalizi kujikagua.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Katika shule moja ya sekondari ya mkoa wa Tabora, kompyuta tatu za mitumba ziliongezewa kumbukumbu, na zote tatu zikawa na kioo cheusi. Kwenye fomu ya matengenezo paliandikwa neno moja tu, haziwaki. Aliyepokea fomu hakuwa na sababu ya kulishuku neno hilo. Akaidhinisha vigawa umeme vitatu vipya, vikanunuliwa, vikafungwa, na vioo vikabaki vyeusi. Baada ya muhula mzima fundi mwingine alizifungua, akaona kwamba vibao vya kumbukumbu katika mbili kati yake havikusukumwa mpaka vile vibanio vya pembeni vifunge, na kibao cha ile ya tatu kilikuwa cha aina isiyokubaliwa na ubao mama wake. Feni zilikuwa zikizunguka tangu siku ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameziona. Hakuwa na neno la kuandikia alichokiona.

Hatua ya tatu ndiyo yetu, nayo ni kujitwika. Katika mashine za enzi ya ICT 1500, mwendeshaji ndiye aliyeitwika kompyuta: aliweka kadi zilizotobolewa au utepe wenye maagizo ya kwanza, akabonyeza kitufe, mashine ikasoma. Baadaye maagizo hayo yakawekwa ndani ya chipu isiyopoteza kumbukumbu umeme ukizimwa, na tangu hapo mashine hujitwika yenyewe. Maneno yetu mawili, kutwika na kujitwika, yaeleza mabadiliko hayo bila kuongezewa kitu, jambo ambalo neno la buti haliwezi kulifanya hata katika lugha lilikotoka.

Ubovu wa hatua hii ndio unaoonekana mara nyingi zaidi baada ya kuongezwa diski mpya. Kompyuta imewaka, imejikagua, kisha hutoa sentensi moja ya kusikitisha kwamba haikuona diski yenye mfumo. Mwenye nayo hudhani kazi zake zote zimepotea. Aghalabu hazikupotea. Chipu ile ndogo hufuata utaratibu wa diski: huanza na ile iliyowekwa ya kwanza, ikiikosa huenda ya pili. Diski mpya, tupu kama debe, imeshika nafasi ya kwanza, na mashine inajaribu kujitwika mzigo usiokuwapo. Wakati mwingine waya wa diski ya zamani ulilegea fundi alipokuwa akipitisha mkono. Wakati mwingine chipu imewekwa ifuate desturi mpya ya kupanga diski, na diski ya zamani ilipangwa kwa desturi ya kale. Wakati mwingine tena betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama ilitolewa, na utaratibu wote ukarudi ulivyokuwa kiwandani. Dawa ya kwanza kwa yote haya ni moja, na mafundi wazuri wa Tabora huifuata hata kama hawajasoma kitabu: kitoe ulichokiongeza, uirudishe mashine ilivyokuwa jana, uone kama inajitwika, kisha uongeze kimoja kimoja. Na kabla ya kutia mkono ndani, waya wa umeme uchomolewe ukutani.

Hatua ya nne ni mfumo kuanza safari na kukwama njiani kwa sababu hauna programu ya kuelewana na kifaa kipya. Hiyo haitusumbui kwa lugha. Watu husema imekwama au imeganda, nao wanaelewana.

Tumekwisha kusikia pingamizi kutoka kwa wenzetu kuhusu kujitwika, na twaona ni haki tuzieleze. Wako wasemao kwamba lipo tayari neno kupakia. Kweli lipo, na limeshika kazi nzuri pamoja na mwenzake kupakua, ambayo kwa asili ni maneno ya chombo na bandari, na pakua pia ni neno la chungu na sahani. Lakini kupakia daima kuna mpakiaji na chombo, wawili tofauti. Halina ile maana ya kitu kinachojiinua chenyewe, na kompyuta inajipakia haikubaliki masikioni. Wengine wasema kuanza latosha. Latosha kwa mtumiaji, halimtoshi fundi, kwa sababu hatua zote nne ni kuanza. Kuhusu kuwasha upya, kwa maana ya kuzima na kuwasha tena, hatukusudii kuligusa: limekwisha kukubalika, na istilahi iliyokubalika na watu haivunjwi na kamati kwa sababu ya unadhifu. Tuliona ngamizi na tarakilishi zilivyoshindana na kompyuta, na katika nchi yetu kompyuta ndiyo iliyobaki sokoni.

Pingamizi iliyotupa shida ni ya tatu: kwamba kujitwika kumebeba maana ya kujitia taabuni, kama mtu ajitwikaye deni la mwenziwe. Tumelipima jambo hilo. Maneno mengi ya njia ya Unyanyembe yamebadili maana mara mbili tatu na bado yanaeleweka panapohusika. Hapana msafiri anayefika kituo cha mabasi cha Tabora akitafuta mahali pa kushusha pembe za ndovu. Tena neno lina uzazi mzuri, na huo ndio mtihani wa istilahi. Twaweza kusema diski ya kujitwikia, kwa ile tunayoitumia wakati mfumo umeharibika. Utaratibu wa kujitwika, kwa mpango wa diski ipi itangulie. Na kitwikaji, kwa ile programu ndogo ya kwanza, kwa mfano wa kichapishaji. Mwaka 2004, programu za ofisi za OpenOffice zilipotafsiriwa kwa Kiswahili kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi ilihusu zaidi yale yaonekanayo kwenye kioo mfumo ukishaanza: faili, ukurasa, hifadhi, chapisha. Yale yanayotokea kabla ya kioo kuwaka hayakuwa sehemu ya kazi hiyo, na mpaka leo ujumbe wa chipu ile ndogo humfikia mwalimu wa Kwihara kwa Kiingereza tu, tena Kiingereza cha mkato.

Kwa watumishi wanaoandika fomu za matengenezo, na kwa walimu wa vyuo vya ufundi, twaomba maneno haya yajaribiwe kwa muda kabla ya kupelekwa katika kamati: haiwaki; inawaka lakini haimalizi kujikagua; inajikagua lakini haijitwiki; inajitwika lakini inakwama. Chini yake paongezwe mstari wa kutaja kifaa gani kilibadilishwa mara ya mwisho, na lini. Wasomaji walio Tabora, Urambo, Nzega na Kigoma walio karibu na mafundi watuandikie pia maneno wanayoyasikia kwa mafundi hao, hasa ya Kinyamwezi na Kisukuma yanayohusu mtu kujiinulia mzigo peke yake, maana hatukatai kwamba huenda lipo huko neno lililo bora kuliko hili letu.